Filamu za majambazi: papa wa mtaani anatoa nini, na anadai nini

Dola 600. Ndizo pesa ambazo Lorenzo, dereva wa basi katika mji wa New York, anagundua kwamba mtoto wake ameficha nyumbani. Mtoto anaitwa Calogero, ana miaka tisa. Hakuziiba. Alizipata kwa kutumika katika baa ya Sonny, shefu wa wahalifu wa mtaa, akiwapelekea wakubwa vinywaji na kuwarushia dadu wakati wanapocheza kamari. Lorenzo anazichukua pesa zote, anaingia ndani ya baa mbele ya watu wa Sonny, anazirudisha na kumwambia shefu amwachie mtoto wake. Kisha mtoto analia na kumtupia papa yake maneno aliyoyaokota kule baa: kwamba mtu anayeamka kila asubuhi kwenda kazini ni mjinga tu.

Hiyo ni A Bronx Tale, filamu ya mwaka 1993, ya kwanza ambayo Robert De Niro aliiongoza mwenyewe. Mzazi yeyote wa Goma, Bukavu ao Bunia anayelipa minervali kwa shida anaelewa tukio hilo bila kuhitaji mtafsiri. Papa ameshinda kutwa kwenye usukani kwa mshahara mdogo. Mwanaume mwingine, mwenye suti nzuri, amempa mtoto wake kwa majuma machache pesa ambazo yeye hawezi kumpa. Nani atasikilizwa?

Watu wakizungumzia filamu za mafia, wanazungumzia bunduki, magari na damu. Wazazi wanazikataza kwa sababu hiyo, vijana wanazipenda kwa sababu hiyo hiyo. Lakini ukiondoa milio ya risasi, kinachobaki katika zile zilizo bora ni habari ya mtoto wa kiume anayetafuta papa, na mwanaume mwenye makosa makubwa anayekubali kukaa katika nafasi hiyo. Kosa la wanaozilaumu filamu hizi ni kudhani kwamba kijana anavutwa na bunduki. Bunduki inakuja baadaye. Kinachotangulia ni mtu mzima anayemuita kijana kwa jina lake, anayemuuliza amekula, anayempa nafasi ya kukaa kando yake mbele ya watu.

Sonny anaanza hivyo. Mwaka 1960, Calogero akiwa ameketi mbele ya nyumba yao, anamuona Sonny akimpiga mtu risasi barabarani. Polisi wanamleta mtoto mbele ya wanaume waliopangwa mstari na kumuuliza ni nani kati yao. Mtoto anakana wote, mmoja baada ya mwingine, hata anapofika mbele ya Sonny mwenyewe. Lorenzo yupo pale, anajua mtoto amedanganya, na anajua pia kwamba kusema kweli kungeweza kuwaua wote nyumbani. Siku ile mtoto anakuwa na papa wawili. Mmoja amemzaa, mwingine ana deni kwake.

Na hapa filamu inafanya jambo ambalo wahubiri wengi wasingethubutu: inamwacha Sonny atoe mashauri mazuri. Calogero, akiwa sasa kijana, anamkimbiza mwenzake mmoja anayemkwepa kwa sababu ya deni la dola 20. Sonny anamuuliza kama anampenda mtu huyo. Hapana. Basi, anasema Sonny, umeshukuru: kwa dola 20 tu mtu huyo hatakusumbua tena maisha yako yote. Ni hekima ya kweli, na mzee yeyote wa mtaa angeweza kuisema. Halafu Calogero anampenda Jane, binti mweusi wa mtaa wa jirani, wakati Wazungu na Weusi wa Bronx wanapigana barabarani. Lorenzo, papa mwema, mfanyakazi, mtu wa haki, anasitasita. Yeye anaona kila mtu abaki na watu wake. Sonny muuaji ndiye anayemwambia kijana afuate moyo wake na kumpa gari yake aende kumchukua binti huyo.

Filamu mbovu isingefanya hivyo. Ingempa baba mwema kila jibu zuri na kumpa jambazi kila jibu baya, na kijana anayeitazama angejua mara moja kwamba anadanganywa, kwa sababu maisha yake hayako hivyo. Vijana wengi wanajua papa mwaminifu mwenye roho ngumu na chuki za ukabila, na wanajua pia mhuni mmoja wa kartiye aliyewahi kumlipia mgonjwa hospitali. Kumwambia kijana kwamba mhuni huyo hana jema hata moja ni kupoteza masikio yake. Swali halisi ni lingine: wema huo una bei gani, na nani atailipa?

Sonny mwenyewe amemwambia Calogero bei, ila kwa njia ya kuzunguka. Alipokuwa gerezani alimsoma Machiavelli, na alichotoa humo ni kwamba ni heri kuogopwa kuliko kupendwa, kwa kuwa woga unadumu. Watu wake wote wanaomzunguka wanacheka akicheka. Mwisho wake unatoka upande ambao woga haukufika: kijana mmoja anamfyatulia risasi kwa nyuma ndani ya baa yake mwenyewe. Ni mtoto wa yule mwanaume aliyeuawa barabarani miaka minane kabla, mbele ya macho ya Calogero. Naye alikuwa mtoto wa mtu. Filamu haikumuonyesha akikua, wala akilia, wala akitafuta nani wa kuchukua nafasi ya papa yake. Inamleta tu siku ya kulipa.

Ukitaka kuona bei hiyo bila upole wowote, tazama Goodfellas ya Martin Scorsese, ya mwaka 1990. Inatokana na maisha ya Henry Hill, yaliyoandikwa na mwandishi wa habari Nicholas Pileggi katika kitabu Wiseguy mwaka 1985. Mwaka 1955, huko Brooklyn, Henry ni mtoto anayekwepa shule ili atumike kwenye kituo cha taksi cha Paulie. Shule inatuma barua nyumbani, papa yake anampiga kwa mkanda. Watu wa Paulie wanafanya nini? Wanamkamata mpeleka barua, wanasukuma kichwa chake kwenye tanuri la pizza na kumuonya kwamba barua za shule hazitafika tena kwenye nyumba ile. Watazamaji wengi wanacheka hapo. Lakini tazama vizuri kilichotokea: wanaume watano sita wamemsaidia mtoto kuacha shule, naye akaona kwamba hatimaye amepata watu wanaomtetea.

Kisha anakamatwa mara ya kwanza kwa kuuza sigara za magendo. Anatoka mahakamani akiogopa kwamba wakubwa watakasirika, lakini anawakuta wote wanamngoja kwa furaha, wanampiga mabegani na kumkumbatia. Hakumtaja mtu. Hakuna sherehe kama hiyo aliyowahi kufanyiwa nyumbani kwao. Kwa kijana ambaye papa yake anamkumbuka wakati wa kumchapa tu, mkumbatio ule una nguvu kuliko pesa zote.

Miaka inapita. Paulie anakataza biashara ya dawa za kulevya. Henry anaifanya kwa siri, anakamatwa mwaka 1980, anarudi kwa Paulie kuomba msaada. Paulie, aliyemlea tangu utoto, anamhesabia dola 3 200 mkononi na kumgeuzia mgongo. Ndiyo hesabu ya maisha mazima. Naye Jimmy, yule aliyemkumbatia wa kwanza mlangoni pa mahakama, tayari anapanga namna ya kumuua. Henry anakwenda kwa polisi, anakaa mahakamani na kuwanyooshea wote kidole. Huko nje ya filamu mambo yalikuwa hivyo hivyo: Paul Vario, ambaye Paulie alichorwa kutoka kwake, alifia gerezani mwaka 1988. Mtoto aliyepongezwa kwa kunyamaza ndiye aliyesema.

Hakuna anayeweza kusema Henry alimsaliti papa. Paulie hakuwa papa. Alikuwa tajiri wa kazi aliyejifanya papa kwa muda ule ambao kijana alikuwa na faida.

Wafaransa nao wana filamu yao ya namna hii, na kwa ukali wake inazipita nyingi za Wamarekani. Un prophète ya Jacques Audiard, iliyopata Tuzo Kuu ya baraza la Cannes mwaka 2009, inamfuata Malik, kijana wa miaka 19 mwenye asili ya Kiarabu, anayeingia gerezani kwa miaka sita. Hana ndugu, hana pesa, hajui kusoma vizuri. César, mzee wa Kikorsika anayetawala gereza, anampa chaguo moja: amuue mfungwa mwingine aitwaye Reyeb, la sivyo atauawa yeye. Malik anajifunza kuficha wembe ndani ya shavu. Anakwenda kwenye chumba cha Reyeb, na kabla hajauawa, mtu huyo anamshauri ajifunze kusoma, atoke gerezani akiwa na akili zaidi kuliko alivyoingia. Malik anamuua. Kisha anafuata shauri lake: anaingia darasani humo gerezani, anajifunza kusoma, na kimya kimya anajifunza hata Kikorsika, lugha ambayo César na watu wake wanaitumia wakidhani haelewi.

Kati ya wanaume wote wa filamu ile, aliyempa Malik neno la mzazi ni yule aliyemchinja. Usiku roho yake inamtembelea, wanakaa pamoja chumbani. César, anayemlinda na kumtuma, ndiye anayemshikia kijiko jichoni siku anapohisi kijana ameanza kujitegemea. Shefu wa namna hii anataka mtoto asiyekua. Akikua, anakuwa mpinzani. Mwishoni César amebaki peke yake uwanjani pa gereza. Anajaribu kuvuka kwenda upande alipo Malik na watu wake wapya, anapigwa tumboni na kuanguka, na Malik hasogei. Watazamaji wengine wanafurahia pale, wanaona kijana ameshinda. Siku anapotoka, Malik anatembea barabarani na mjane wa rafiki yake pamoja na mtoto wake mdogo, huku magari ya watu wake yakimfuata polepole nyuma. Mtoto huyo naye sasa ana papa wa kuazima. Audiard anaishia hapo, na hamwambii mtazamaji afurahi ao aogope.

Kuna msemo kwamba damu ni nzito kuliko maji. Katika filamu za majambazi msemo huo unawaua watoto wa kulelewa kila mara. Katika The Godfather ya mwaka 1972, Tom Hagen aliokotwa barabarani na mtoto wa Vito Corleone, akalelewa nyumba moja na wengine, akasomea sheria, akawa mshauri wa familia. Anafanya kazi zote ngumu, hata ile ya kumpasha mzee habari za kifo cha mtoto wake mkubwa. Lakini wakati wa vita Michael, mtoto wa damu, anamuondoa katika nafasi yake bila maelezo mengi. Hagen anaumia, ananyamaza, anabaki. Anakula mezani miaka yote bila kujua kama kiti ni chake.

Road to Perdition ya Sam Mendes, ya mwaka 2002, inalisukuma jambo hilo hadi mwisho wake. Ni mwaka 1931, jimbo la Illinois. John Rooney, mzee wa Kiairishi anayechezwa na Paul Newman, alimlea Michael Sullivan aliyekuwa hana mtu, na Sullivan akawa muuaji wake mwaminifu. Wawili hao wanaketi kwenye piano moja mbele ya wageni na kupiga wimbo kwa mikono minne, na kamera inamgeukia Connor, mtoto wa damu wa Rooney, anayewatazama kwa tabasamu lisilo na furaha. Kila mtu aliyekulia katika nyumba yenye watoto wa mama tofauti anaijua sura ile. Connor anamuua mke wa Sullivan na mtoto wake mdogo. Rooney anajua kwamba Connor amekosa, anajua pia kwamba amekuwa akimuibia. Anamlaani, anampiga, kisha anamkumbatia. Hawezi kumtoa. Sullivan aliyempenda kuliko mtoto wake anabaki nje ya mlango.

Usiku wa mvua Sullivan anamkabili mzee barabarani na kumpiga risasi. Rooney anamwambia anafurahi kwamba ni yeye. Huenda hakuna filamu nyingine ya namna hii iliyosema ukweli kwa maneno machache kiasi hicho: mzee alimpenda kwa kweli, na mapenzi yale hayakumsaidia mtu. Sullivan naye ana mtoto aliyebaki, wa miaka 12, na hofu yake moja kubwa ni kwamba mtoto huyo afanane naye. Alikuwa mkali kwake kuliko kwa mdogo wake kwa sababu alijiona ndani yake. Mwishoni mtoto anamnyooshea bunduki muuaji wa papa yake, anashindwa kuifyatua, na papa anatumia nguvu zake za mwisho kuifanya kazi hiyo ili mtoto asiifanye. Ni urithi pekee aliokuwa nao wa kumwachia.

Zipo pia filamu ambamo anayedanganywa ni mzee. Donnie Brasco ya mwaka 1997 inamhusu Joe Pistone, afisa wa FBI aliyejipenyeza katika mafia ya New York kwa karibu miaka sita, kuanzia 1976. Anayemwingiza ni Lefty Ruggiero, anayechezwa na Al Pacino: mzee aliyechoka, aliyeua watu wengi kwa ajili ya wakubwa na hakupandishwa cheo hata siku moja. Mtoto wake wa damu ameharibiwa na dawa za kulevya. Kwa hiyo Lefty anamimina kila alichonacho kwa Donnie. Anamfundisha aache kuvaa jeans, anyoe masharubu, abebe pesa zake zikiwa zimekunjwa badala ya kuziweka kwenye pochi. Ni elimu ya kijinga kidogo, ila ndiyo aliyonayo, na anaitoa kwa moyo wote. Amemdhamini kijana mbele ya wakubwa, yaani ameweka shingo yake.

Na huyo kijana ni polisi. Nyumbani kwake ana mke na mabinti ambao hawamuoni kwa miezi. Anajifanya mtoto wa mtu mwingine huku watoto wake wanakosa papa. Filamu inammaliza Lefty akiitwa na wakubwa: anavua saa, pete na mkufu, anaviweka kwenye droo na kuiacha wazi kidogo ili mke wake avione. Katika maisha ya kweli Lefty hakuuawa. FBI walimkamata kabla, akafungwa, na alikufa mwaka 1994 kwa ugonjwa. Sinema ilichagua kifo kwa sababu kinauma zaidi, na inasamehewa, maana jambo lenyewe, la mzee aliyempenda mtu asiyekuwepo, ni la kweli.

Jambo moja filamu hizi zote zinalikosa, nalo ni akina mama. Mama wa Calogero anapita jikoni na kutoweka. Mama wa Henry Hill anaonekana kidogo tu, akishtuka kumuona mtoto wake katika suti ya jambazi. Mke wa Sullivan anakufa mapema ili wanaume waendelee na habari yao. Kwa mtazamaji wa Kivu ao Ituri, ambako nyumba nyingi zinasimama kwa mgongo wa mama anayeuza sokoni, ulimwengu huo ni mwembamba. Mtoto asiye na papa hapa kwetu mara nyingi si mtoto asiye na mlezi. Ana mama, ana tantine, ana nyanya. Wanaoandika filamu za majambazi wanaona kiti kimoja tu mezani.

Lakini katika hilo lingine, la bei, wanaijua mashariki ya Congo kuliko wanavyofikiri. Vita ya AFDL ilipoanza Kivu mwaka 1996, watoto walitoka shuleni na mashambani wakafuata jeshi hadi Kinshasa, mamia ya kilometa kwa miguu. Waliitwa kadogo. Laurent-Désiré Kabila waliyemfuata aliitwa Mzee, na jina hilo halikuwa la heshima ya umri peke yake. Tarehe 16 Januari 2001 Mzee alipigwa risasi ofisini mwake, na aliyempiga alikuwa mmoja wa walinzi wake mwenyewe. Nani alipanga, watu wanabishana hadi leo. Ila picha ile, ya mkubwa kuangushwa na mkono aliouweka karibu naye ili umlinde, Scorsese angeielewa.

Baada ya hapo makundi yaliongezeka, na kila kundi lilikuwa na papa wake. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, CPI, ilipotoa hukumu yake ya kwanza kabisa, mwaka 2012, haikuwa juu ya mauaji wala wizi wa dhahabu. Ilimhukumu Thomas Lubanga wa Ituri kwa kosa la kuingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika kundi lake na kuwatumia vitani. Alipewa miaka 14. Bosco Ntaganda alifuata mwaka 2019, miaka 30, kwa makosa mengi, na hilo la watoto likiwemo.

Wengi wa watoto walionaswa na makundi walichukuliwa kwa nguvu, na hao hawana fumbo lolote. Wapo wengine walioingia kwa miguu yao, na ndio ambao jamii inashindwa kuwazungumzia. Mtoto wa maibobo aliyezoea kufukuzwa kama mbwa anakutana na komanda anayempa jina jipya, viatu, sahani ya chakula, na kazi ya kumbebea simu. Anaitwa mtoto wangu. Wiki hiyo hajaambiwa lolote juu ya kuua. Kama Henry kwenye kituo cha taksi, anaona tu kwamba yuko mahali ambapo kuna mtu atauliza asipoonekana. Siku komanda anapojisalimisha kwa serikali na kujadiliana juu ya cheo, mtoto huyo hayumo katika mazungumzo. Naye anahesabiwa dola 3 200 zake, mara nyingi pungufu sana ya hapo, na kugeuziwa mgongo.

Wapo watakaosema kwamba kulinganisha sinema za New York na msitu wa Walikale ni kucheza na maumivu ya watu. Wana haki ya kuchukia ulinganisho wa ovyo. Calogero alikuwa na nyumba, shule na papa anayerudi kila jioni. Alikuwa na pa kurudia. Watoto wengi wa huku hawana. Lakini tofauti hiyo inaongeza uzito wa hoja badala ya kuipunguza. Ikiwa mtoto mwenye papa mwaminifu, aliye hai na anayempenda, bado alivutwa na kiti cha baa ya Sonny, basi yule ambaye papa yake alikufa ao alikimbia vita hahitaji kuvutwa. Anahitaji tu kuitwa.

Congo nayo imetoa filamu yake ya majambazi. Viva Riva! ya Djo Munga, ya mwaka 2010, inamrudisha Riva Kinshasa akiwa na lori la petroli aliyoiiba kwa Waangola, wakati mji umekauka mafuta. Ana pesa, anataka kustarehe. Anapokwenda kwa wazazi wake, papa hampokei kwa furaha na pesa zake hazimfurahishi. Na kuna Anto, mtoto wa barabarani, anayemfuata Riva kila mahali, akimfanyia kazi ndogo ndogo. Riva ambaye papa yake amemkataa amekuwa, bila kuomba, shefu wa mtoto asiye na mtu. Hana lolote la kumfundisha isipokuwa namna ya kutumia makuta usiku mmoja. Munga halitilii mkazo jambo hilo, analiacha lipite kama linavyopita mjini, na ndiyo maana linabaki kichwani.

Kukataza filamu hizi hakutasaidia. Ziko kwenye simu, ziko kwenye flash, zinapita kutoka mkono hadi mkono, na kijana atatazama nusu ya kwanza, ile ya suti na magari, kisha umeme utakatika kabla ya Paulie kugeuza mgongo. Mzazi anayekaa na kijana wake hadi mwisho anafanya jambo kubwa kuliko anayezima televisheni. Tena asitarajie kushinda kirahisi. Filamu yenyewe haimsaidii: Sonny amepewa muziki mzuri, maneno mazuri na gari zuri, wakati Lorenzo amepewa basi na kofia ya kazi.

A Bronx Tale iliandikwa na mtu aliyeyaishi hayo. Chazz Palminteri, jina lake kamili Calogero Lorenzo Palminteri, alikulia Bronx, papa yake akiwa dereva wa basi kweli kweli, na alikuwa mtoto alipomuona mtu akiuawa mbele ya nyumba yao. Aliigeuza habari hiyo kuwa mchezo wa jukwaani ambao aliucheza peke yake, watu wote, mwishoni mwa miaka ya 1980. Watengeneza sinema walimfuata na pesa nyingi, naye alikuwa karibu hana kitu benki. Alikataa mara kadhaa, kwa sababu walitaka habari bila yeye. De Niro ndiye aliyekubali masharti: Palminteri aandike, na achague nafasi ya kucheza. Alichagua ile ya Sonny. Ile ya papa yake, ya dereva, alimwachia De Niro.